Kibaba cha Mfuto na Kibaba cha Kweli: Uhakiki wa Neno "Usahihi" katika Somo la Vipimo

Neno "usahihi" ni miongoni mwa maneno yapendwayo mno na walimu, na pia ni miongoni mwa yale yanayobebeshwa mizigo kupita nguvu zake. Mwalimu wa sarufi hulitumia anapozungumzia sentensi isiyo na kosa. Mwalimu wa hesabu hulitumia anapozungumzia jibu linalolingana na lile la kitabuni. Mwalimu wa fizikia naye hulitumia kila mara anapomwagiza mwanafunzi kupima urefu, uzito au muda. Katika makala haya tunakusudia kulihakiki neno hili mahali pamoja tu, yaani katika upimaji, kwa sababu hapo ndipo linapofunika dhana mbili ambazo sayansi imezitenga kwa makusudi. Mchanganyiko huo si jambo dogo la istilahi. Unamletea hasara mwanafunzi maabarani, mnunuzi sokoni, na hata mtahiniwa ambaye insha yake imo mikononi mwetu.

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi jirani tunalikuta tatizo hili kwa namna ya pekee. Wanafunzi wetu wa Burundi na wa mashariki ya Kongo husomea sayansi kwa Kifaransa. Wenzao wa Uganda na Rwanda husomea kwa Kiingereza. Hutujia wakiwa tayari wana dhana mbili vichwani mwao, na hutaka kujua Kiswahili kinaziitaje. Yule aliyesoma kwa Kifaransa, kwa mfano, amefundishwa kwamba kipimo kina "justesse" na kina "fidélité", na kwamba haya ni mambo mawili. Akiuliza la kwanza, hujibiwa "usahihi". Akiuliza la pili, aghalabu hujibiwa "usahihi" vilevile. Hapo mwanafunzi huondoka akidhani kwamba Kiswahili hakina nafasi ya wazo lake, ilhali kilichokosekana ni makubaliano tu miongoni mwa wasemaji.

Hebu tuzieleze dhana zenyewe kabla ya kuzipa majina. Tuchukue jiwe la mizani ambalo uzito wake unajulikana kuwa gramu 1,000, tulipime mara tano juu ya mizani mbili. Mizani ya kwanza inasema 1,040, kisha 1,041, kisha 1,040, kisha 1,039, kisha 1,040. Mizani ya pili inasema 990, kisha 1,012, kisha 1,003, kisha 985, kisha 1,010. Ipi ni bora? Mizani ya kwanza haibadilishi neno lake. Majibu yake matano yamesongamana pamoja kama vifaranga chini ya bawa la mama yao. Lakini yote matano yako mbali na ukweli, na wastani wake ni 1,040. Mizani ya pili inayumbayumba, wala hakuna hata jibu moja lililofanana na jingine, na hata hivyo wastani wa majibu yake ni 1,000 kamili. Ya kwanza inakubaliana na nafsi yake bila kukubaliana na ukweli. Ya pili inauzunguka ukweli bila kutulia.

Kila hitilafu kati ya hizi mbili ina tabia yake na dawa yake. Hitilafu ya mizani ya pili tunaweza kuiita mtawanyiko: majibu hutawanyika huku na huku, mengine juu, mengine chini. Dawa yake ni subira, yaani kupima mara nyingi na kutafuta wastani, kwa kuwa yaliyozidi na yaliyopungua hufidiana. Hitilafu ya mizani ya kwanza tunaweza kuiita upogo, kwa neno letu la zamani la kitu kilichokwenda upande. Upogo hautibiki kwa wastani. Ukipima mara 5 utapata 1,040. Ukipima mara 500 utapata 1,040 hiyohiyo, na kila mara utazidi kuamini uongo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kurudia kipimo huleta "usahihi" amefundishwa nusu ya jambo, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na maabara, ila tofauti hii waliijua kwa mikono yao. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi moja. Kibaba chenyewe kilikuwa cha namna mbili: kibaba cha tele, ambacho nafaka huachwa ikijaa mpaka ikafanya kilima juu ya ukingo, na kibaba cha mfuto, ambacho hufutwa kwa kijiti hadi nafaka ikawa sawasawa na ukingo. Kwa nini watu wakabuni mfuto? Kwa sababu kilima cha leo si kilima cha kesho. Muuzaji mkarimu hujaza zaidi, na mwenye mkono mzito hujaza kidogo. Mfuto uliondoa mtawanyiko. Lakini haukuweza kuondoa upogo. Ikiwa kibaba chenyewe kimetengenezwa na kitako kilichoinuliwa, basi kila mfuto utakuwa sawa na mwingine, na kila mnunuzi atapunjwa kiasi kilekile. Hali kadhalika muuzaji nguo apimaye kwa mkono wake mfupi: vipande vyake vyote vitalingana, na vyote vitakuwa pungufu.

Tuirudie ile mizani yetu ya kwanza, tuseme sasa iko sokoni na upogo wake unakua kwa kadiri ya mzigo. Mama anayenunua maharagwe yanayosomeka kilo 25 atakwenda nyumbani na kilo 24 na ushei, akiwa amekosa karibu kilo nzima. Akirudi kulalamika, muuzaji ataupandisha mzigo uleule juu ya mizani ileile mbele ya mashahidi, nayo itasema 25 tena. Kwa nini mama huyu asiamini? Ameonyeshwa jibu lisilobadilika, na lugha yake imemfundisha kwamba lisilobadilika ndilo sahihi. Neno lililochanganya dhana limemnyima hata swali la kuuliza. Swali lililomfaa ni moja: "Mizani hii ililinganishwa na nini, na lini?"

Katika kueleza jambo hili vitabu vingi hutumia picha ya shabaha: mishale iliyokusanyika mahali pamoja mbali na kitovu, na mishale iliyotawanyika kukizunguka kitovu. Picha hii ni nzuri, nasi Waswahili tuna methali inayoiandaa njia yake, "Kulenga si kufuma." Hata hivyo yafaa tuihakiki nayo pia. Mpiga mishale hukiona kitovu. Akikosa, hujua amekosa, na hujua amekosa upande gani. Mpimaji hana bahati hiyo. Hali yake ni ya mtu anayeitazama shabaha kutoka nyuma ya ubao: anaziona ncha za mishale zilizotokeza, wala hakioni kitovu kilichochorwa mbele. Kama mishale imekusanyika au imetawanyika, hilo ataliona mara moja. Kama imepiga kitovu, hilo hatalijua mpaka mtu mwingine amwonyeshe kilipo. Kwa maneno mengine, kukubaliana kwa vipimo na nafsi zao huonekana ndani ya daftari la mpimaji. Kukubaliana kwao na ukweli hakuonekani humo kamwe. Mwalimu anayeichora shabaha ubaoni bila kusema haya huwapa wanafunzi wake faraja isiyo ya haki.

Ajabu ni kwamba neno letu lenyewe limebeba funzo hili ndani yake. Kiswahili kililipokea "sahihi" kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya kitu kizima, kisicho na ugonjwa wala ila. Nasi tukaliongezea kazi nyingine: sahihi ni alama ya mkono wa mtu chini ya barua yake. Karani wa benki anapoitazama sahihi yako hajali kama ni nzuri, wala hatosheki kwa kuwa umetia tatu zinazofanana siku hiyohiyo. Huilinganisha na ile iliyowekwa kabatini siku ulipofungua hesabu yako. Usahihi basi hutaka kielelezo kilicho nje ya mkono wa mwenye kupima. Ndiyo sababu tangu 1889 mataifa yaliweka kilogramu moja ya mfano huko Sèvres, karibu na Paris, na nchi nyingi zikapewa nakala zake. Nakala hizo zilipolinganishwa na ile ya asili baada ya takriban miaka mia moja, zilionekana kutofautiana nayo kwa kiasi cha sehemu 50 za milioni za gramu. Hakuna aliyeweza kusema kwa yakini kama nakala zimeongezeka au ya asili imepungua, maana hapakuwa na kielelezo cha juu zaidi. Tarehe 20 Mei 2019 mfano ule wa chuma uliachwa, na kilogramu ikafasiriwa kwa thamani ya kimaumbile isiyozeeka.

Kama kuna msomaji anayedhani kwamba mchanganyiko huu ni wa watoto wa shule peke yao, na atazame kisa cha darubini ya anga ya Hubble, iliyorushwa na Marekani mwezi Aprili 1990. Kioo chake kikuu, chenye kipenyo cha mita 2.4, kilikuwa kimesuguliwa kwa uangalifu ambao ulikuwa haujapata kuonekana. Picha za kwanza zilipofika zilikuwa na ukungu. Uchunguzi ulibaini kwamba kifaa kilichotumiwa kuongoza usuguaji kilikuwa kimeunganishwa vibaya, sehemu yake moja ikikosea mahali pake kwa milimita 1.3. Kioo kikafuata kosa hilo kwa utiifu kamili, hata ukingo wake ukasuguliwa kupita kiasi kwa takriban moja ya hamsini ya unene wa unywele. Lenye uchungu zaidi ni kwamba vifaa vingine viwili, ambavyo havikuwa na ubora wa kile cha kwanza, vilikuwa vimeonyesha dalili ya kosa kiwandani, vikapuuzwa. Wataalamu walikiamini kifaa kilichokuwa kikikubaliana na nafsi yake zaidi ya vyote, wakavikataa vilivyoyumba kidogo lakini vikasema kweli.

Kisa hiki kina upande wa pili ambao hatutaki kuuficha, kwa kuwa uhakiki wa haki hutaja na sifa. Mwezi Desemba 1993 wanaanga walipanda wakaifunga darubini ile vifaa vyenye umbo lililopogoka kinyume cha kosa lile, nayo ikaona vizuri. Tiba hiyo iliwezekana kwa sababu kioo kilikosea kwa namna moja isiyobadilika, iliyoweza kukokotolewa. Saa inayotangulia dakika kumi kila siku humfikisha mtu kazini bila taabu, maadamu anajua kwamba inatangulia kumi. Kutobadilika kwa kipimo ni hazina kubwa; sharti lake ni kuujua upogo wake.

Nchi zetu nazo zina mfano wake, nao ni mlima Kilimanjaro. Kila mtoto wa shule hukariri kwamba kimo chake ni mita 5,895. Tarakimu hiyo ilitokana na upimaji wa mwaka 1952, nayo ndiyo iliyoandikwa kileleni. Mwaka 1999 wataalamu waliotumia mawimbi ya satelaiti walipata mita 5,892.55, na vipimo vilivyofuata vikatoa tarakimu nyingine tena. Mwanafunzi anapoona nukta mbili zile za 1999 husema mara moja kwamba kipimo hicho ni "sahihi zaidi". Huenda ndivyo kilivyo, lakini nukta hazithibitishi hivyo. Nukta hutuambia jinsi kifaa kilivyoweza kugawanya mita. Kimo cha mlima huhesabiwa toka usawa wa bahari, na chini ya Kilimanjaro hakuna bahari. Usawa huo hauna budi kukokotolewa chini ya ardhi na miamba. Ukosefu wowote katika ukokotozi huo utaingia katika jibu, hata kifaa kingegawanya mita mara elfu.

Maradhi haya ya kuabudu nukta yameenea zaidi tangu vikokotoo vilipoingia madarasani. Mwanafunzi hupima daftari kwa rula, akapata sentimita 20.4 kwa 16.3, akazidisha na kuandika kwamba eneo lake ni sentimita za mraba 332.52. Lakini rula yake isingeweza kumwambia lolote chini ya milimita. Kama kila upande ungezidi milimita moja tu, jibu lingekuwa 336.2. Zile tarakimu mbili baada ya nukta hazikutoka kwenye daftari; zilitoka kwenye kikokotoo. Jibu la mtu mkweli ni 333. Amri kama "Toa jibu kwa usahihi hadi nukta mbili", ambayo mwanafunzi huizoea tangu madarasa ya chini, humfundisha kwamba usahihi ni urefu wa tarakimu. Ingetosha kumwagiza: "Andika jibu hadi nukta mbili."

Tukiisha kuyaona haya, twaweza kurudi kwenye maneno. Kwa dhana ya kwanza, yaani ukaribu wa kipimo na ukweli, "usahihi" linafaa na libaki. Kwa dhana ya pili, yaani ukaribu wa vipimo vyenyewe kwa vyenyewe, tumeyapima maneno manne. "Umakini" ni sifa ya mtu. Mizani haina umakini. "Uhakika" hueleza hali ya moyo wa anayeamini, na mtu aweza kuwa na uhakika wa jambo la uongo. "Ulinganifu" lina kazi nyingine tayari, ya umbo lililo sawa pande zake mbili. Lililobaki ni "uthabiti", nasi twalipendekeza. Thabiti ni kisichotikisika, kinachobaki palepale, na ndivyo ilivyokuwa mizani yetu ya kwanza. Wenzetu wa Kifaransa kwa dhana hiihii wametumia neno linalomaanisha uaminifu, wakikusudia kwamba kifaa hakiisaliti kauli yake ya awali. Mawazo yamekaribiana.

Neno hili nalo lina kasoro, na ni bora tuitaje sisi kabla hajaitaja mwingine. Kiswahili husema "imani thabiti" na "ushahidi thabiti", na katika semi hizo kuna sifa iliyojificha, kana kwamba lililo thabiti ni la kweli pia. Mwalimu atakayelitumia hana budi kulivua sifa hiyo mbele ya wanafunzi. Na awaambie hivi: shahidi aliyesema maneno yaleyale mara tatu mbele ya hakimu ni thabiti, kama alisema kweli, hilo hakimu bado hajaliamua.

Watakuwapo watakaosema kwamba haja hii yote inaonyesha umaskini wa Kiswahili. Hatukubali. Katika Kiingereza cha kila siku na katika Kifaransa cha kila siku, maneno ya dhana hizi huchanganywa vilevile. Wataalamu wao walikaa wakakubaliana, na makubaliano yenyewe yamebadilika: kanuni ya kimataifa ya mwaka 1994 ilitaka neno la usahihi litumike pale tu ambapo kipimo hakina upogo na hakina mtawanyiko mkubwa, yaani kimekusanya mema yote mawili. Ikiwa hao wamehitaji kusahihishana hadi karne ilipokuwa ikiisha, hatuna sababu ya kuona haya. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania limekuwapo tangu 1967, na kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilitolewa Dar es Salaam mwaka 1990. Njia imelimwa. Kinachotakiwa ni sisi tulio nje ya Tanzania na Kenya kupeleka maswali yanayozaliwa madarasani mwetu, ambako lugha tatu au nne hukutana kila siku.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha hata kama hatutashika rula maishani mwetu. Sisi pia ni wapimaji. Insha ikiwekwa mbele ya mwalimu leo asubuhi na tena kesho jioni, je, atatoa alama ileile? Hilo ni swali la uthabiti. Na kama hutoa ileile, je, alama hiyo ndiyo inayomstahili mtoto? Hilo ni swali la usahihi. Msahihishaji ambaye hukata alama kumi kwa kila insha yenye lafudhi ya bara anaweza kujisifu kwamba hapendelei mtu, kwa kuwa huwakata wote. Uthabiti wake ni kamili, na upogo wake umewaangusha darasa zima. Kuandika 63.5 badala ya 63 hakumsaidii mtoto huyo. Kinachomsaidia ni walimu kuketi pamoja kabla ya kusahihisha, kuzisoma insha chache kwa pamoja, na kukubaliana kielelezo. Hilo ndilo jiwe letu la mizani, hafifu kama lilivyo.

Tunawasihi walimu wenzetu wajaribu somo hili wiki ijayo. Haligharimu kitu. Leteni kopo moja, maharagwe na kijiti. Wanafunzi na wapime kopo la tele mara tano, kisha la mfuto mara tano, wakihesabu punje au wakipima uzito. Kisha wekeni ubao mdogo chini ya kopo bila kuwaambia, wapime mfuto mara tano nyingine. Waulizeni ni vipimo vipi vilivyo thabiti, na ni vipi vilivyo sahihi, na wamejuaje. Atakayelipindua kopo na kutazama ndani yake, huyo mpeni alama zote.